Mifuko ya Suruali ya Baba

Juzi nilikwenda kwa muuza vyuma chakavu kutafuta koki ya shaba, maana hizi za plastiki tunazouziwa siku hizi hazimalizi hata msimu wa mvua. Akanimwagia koki kuukuu viganjani nichague. Nilichagua, nikalipa, nikashika njia, na nilipoinua mkono kujikuna pua nikasimama pale pale barabarani hadi mwenye mkokoteni akanitukana. Ilikuwa harufu ya shaba iliyoshikwashikwa. Ninyi wenzangu mliokulia mitaa ya Eastlands, Nairobi, mnaijua kwa sarafu tulizotumwa nazo dukani, tukazifumbata mpaka zikalowa jasho. Mimi naijua kwa mikono ya baba.

Watu husema mimi ni mtu wa kushuku. Mume wangu hudai kwamba hata nikiletewa zawadi huipindua kwanza nione chini kuna nini. Ni kweli, na sioni haya. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi niliumwa mapema, katika nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, ya vyumba viwili pale Jericho, mwaka ambao baba aliacha kunuka kadibodi.

Baba alikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha Industrial Area. Kila asubuhi alivaa koti lake la buluu, mama akamfungia chai kwenye thamosi, akaenda. Jioni alirudi akinuka kadibodi na gundi, na mimi nilipompokea kofia niliivuta harufu hiyo bila kujua kwamba naipenda. Kisha ikapotea. Badala yake vidole vyake vikaanza kunuka shaba, na kila Jumapili alasiri, mama akishaenda kwenye kikundi cha akina mama kanisani, akaanza kuja mzee mmoja mrefu kutoka Komarock aliyeitwa Mzee Mutiso. Alikuja na mfuko wa kitambaa uliofungwa kwa kamba ya kiatu. Hakuuweka chini hata alipokunywa chai.

“Naliaka, nenda ucheze na Akinyi,” baba alikuwa akiniambia.

Mzazi ambaye siku zote humwambia mtoto aache kucheza akasome, siku akimwambia aende kucheza, lazima mtoto ajue kuna jambo. Nilitoka kwa mlango wa mbele nikarudi kwa wa nyuma, nikajibanza nyuma ya pazia lililotenga chumba cha kulala.

“Ile ya thelathini inatosha,” nilimsikia baba.

“Inatosha nini? Hiyo utamkasirisha tu,” Mzee Mutiso akajibu. “Ukimpiga na kitu kidogo akageuka, utamwambia pole?”

“Basi ile kubwa.”

“Kubwa gani? Sema jina lake. Siku hiyo utaulizwa, na hutapewa nafasi ya kujikuna kichwa.”

“Nne hamsini na nane.”

“Na kama anayeishika ni mtu wa kuogopa mshindo?”

Nilisikia kijiko kikizunguka ndani ya kikombe.

“Tatu sabini na tano,” mzee akasema. “Bunduki inayomwogopesha mwenyewe haiui kitu, kijana. Atafumba macho kabla ya kuvuta. Afadhali ya wastani kwa mtu aliyetulia. Haya, turudie.”

Mnakumbuka miaka ile ilivyokuwa. Bunduki haikuwa neno la kutajwa sebuleni. Sisi watoto tulijua kutofautisha mlio wa risasi na wa gurudumu lililopasuka, na kijana wa jirani akivaa koti jipya la ngozi na kuleta redio kubwa nyumbani, hakuna aliyemuuliza kazi gani imempa, mpaka asubuhi moja unasikia mama yake akilia. Na sasa baba yangu mwenyewe, aliyekuwa akiomba kabla ya kula hata ndizi, alikuwa akizungumza habari za bunduki kwa sauti ile ile aliyoitumia kuzungumza habari za mbegu za mahindi. Nilijiuliza ni nani atakayepigwa, na siku hiyo ni siku gani.

Sikumwambia Akinyi. Lakini Akinyi, ambaye mlango wao ulitazamana na wetu, hakuhitaji kuambiwa.

“Naliaka, yule mzee huwa anamleteanga budako nini?” aliniuliza tukiwa tunaruka kamba.

“Sijui. Viazi.”

“Viazi gani za kufichwa? Manze, mathe amesema hiyo story si poa. Amesema siku makarao watakuja hapa, yeye hajui kitu, hajaona mtu.”

“Baba yangu si gondi! Si mwizi!”

“Nani amesema gondi? Ni wewe umesema.”

Kamba ikanipiga miguuni. Nikatoka mchezoni, nikaenda kukaa kwenye ngazi nikijilaani kwa mdomo wangu usio na breki.

Jumapili iliyofuata nilirudi nyuma ya pazia, na nikapata nafuu ya siku moja. Nilisikia wakitaja nyati, wakataja simba. Kisha mzee akauliza: “Chui amejeruhiwa, ameingia kichakani. Unatoa ipi?” na baba akajibu kwamba anatoa ile ya marisau, inayorusha vidonge vingi kwa pamoja, maana chui akikurukia huna nafasi ya kulenga. Nilitaka kucheka kwa furaha. Walikuwa wakizungumza uwindaji! Kesho yake shuleni nikainua mkono nikamuuliza mwalimu kama mtu wa Nairobi anaweza kwenda kuwinda.

“Uwindaji ulipigwa marufuku nchi hii kabla nyinyi hamjazaliwa,” mwalimu akasema. “Anayewinda leo anaitwa jangili, na askari wa wanyama wakimkuta hawamuulizi jina.”

Basi nikabaki nikimchagulia baba yangu: jambazi au jangili. Hakuna hata moja nililolipenda. Na tena nilijiuliza, kama ni uwindaji wa kweli, chui atatoka wapi kuja Jericho?

Mama naye alikuwa na shuku zake, na zake zilianzia kwenye beseni la nguo. Suruali za baba za kazini zilikuwa zikirudi na tope jeusi kwenye pindo na mbegu za kishona nguo, zile nyeusi zinazong'ang'ania kama kupe. Mama alizing'oa moja moja akizipanga kwenye ukingo wa beseni. Siku moja aliingiza mkono mfukoni kutafuta sarafu iliyosahaulika, akautoa haraka, akaugeuza mfuko nje. Ulikuwa umeshonewa ngozi kwa ndani. Wa pili nao hivyo hivyo. Mshono wenyewe ulikuwa wa mkono, mdogo mdogo, umenyooka.

“Baba Naliaka,” aliuliza jioni ile, akimwekea ugali, “nani amekushonea mifuko?”

“Fundi.”

“Fundi gani hana cherehani?”

“Wa kazini kule.”

“Na hiyo stoo yenu imeota majani tangu lini?”

Baba akamega tonge, akalichovya kwenye mboga, akalitazama. “Nyuma ya stoo kuna majani,” akasema.

Mama akinyamaza, sufuria ndizo zilizosema, na usiku ule zilisema mengi. Kesho yake aliniita nimsaidie kuanika, akanionyesha ule mshono kama mwalimu anayeonyesha kosa ubaoni.

“Unaona? Huu ni mkono wa mtu mwenye nafasi. Mwanamke asiye na watoto wa kumsumbua.” Kisha akasema, akitazama kamba ya nguo, “Shule zikifungwa tunaenda kwa kukhu, nyanya yako, Bungoma.”

“Na baba?”

“Baba yako ana pa kwenda.”

Aliteremsha sanduku lililokaa juu ya kabati tangu nizaliwe, akalipangusa vumbi. Hapo ndipo niliposhikwa na woga wa kweli. Nilijua mama amekosea. Nilijua hakuna mwanamke. Lakini ili nimtetee baba kwamba hana mwanamke, ingenibidi niseme ana bunduki, na kila nilipofungua mdomo niliona askari wamesimama mlangoni na Mama Akinyi akisema hajaona mtu. Nikabaki nikilitazama sanduku likijaa. Kwanza ziliingia blanketi, halafu sweta zangu, halafu picha ya harusi, ambayo mama aliiweka, akaitoa, akairudisha kifudifudi.

Shule zilifungwa Aprili, mvua ikinyesha. Jumatatu ya kwanza ya likizo, baba alipotoka tu na thamosi yake, mama alivaa viatu vya kanisani, akajifunga leso, akatia mwiko wa kusongea ugali ndani ya kikapu.

“Twende,” akaniambia.

“Wapi?”

“Tukamwamkie mwenzangu.”

Kwenda Industrial Area kutoka kwetu unashika upande mmoja. Baba alishika upande mwingine kabisa. Alitembea kwa miguu, bila haraka, koti la buluu likionekana kwa mbali. Tulimfuata tukivuka barabara ya Outer Ring, tukapita katikati ya Donholm, ambako nyumba zilikuwa na mageti na mbwa, na kwa kila geti mama alipunguza mwendo akisubiri aone baba akigonga. Hakugonga lolote. Tulipofika Komarock mama alikuwa ameanza kuchechemea, na viatu vya kanisani vilikuwa vimekuwa vya tope.

“Anakaa mbali, shetani huyu,” alisema, na sikujua ni nani aliyemkusudia.

Siku hizo nyumba za Komarock ziliisha ghafla, na baada ya nyumba ya mwisho ulikuwa uwanda mtupu wa udongo mweusi na majani marefu. Baba aliingia humo. Mama akanishika mkono, tukainama, tukaingia pia. Nilijua sasa tunakwenda kuona bunduki kwa macho yetu, na hapatakuwa na njia ya kurudi kutoka hapo.

Mzee Mutiso alikuwa amekaa juu ya jiwe la ujenzi, mfuko wake wa kitambaa miguuni. Baba alikuwa amevua koti. Mabegani alikuwa amebeba mabomba mawili ya maji, moja nene na moja jembamba, midomo yake imezibwa kwa saruji ili yawe mazito. Alikuwa akitembea polepole majanini, akikanyaga kwanza kwa ukingo wa mguu.

“Swala,” mzee akasema kwa sauti ya kawaida. “Yuko mbali, hajakuona.”

Baba akateremsha bomba jembamba, akalishikilia mbele yake kama anayemkabidhi mtu.

“Simba, amelala chini ya mti.”

Bomba nene, kisha mkono ukaingia mfuko wa kushoto, ukatoka na kitu cha rangi ya dhahabu.

“Nyati! Amejeruhiwa, anakuja!”

Baba hakutazama mfuko. Alifumba macho, mkono wa kulia ukaingia na kutoka, kiganja kikiwa wazi, kimenyooka mbele. Juu yake palikuwa na risasi mbili. Mbele yake hapakuwa na mtu. Nilimwona baba yangu, mtu mzima, amefumba macho katikati ya majani, anampa risasi mtu asiyekuwapo, na mvua inaanza kudondoka.

Mama akatoka majanini na mwiko mkononi.

“Yuko wapi?”

Baba akafumbua macho. “Nani?”

“Aliyeshona mifuko.”

Kisha Mzee Mutiso akainua mkono taratibu, kama mtoto darasani.

“Ni mimi, mama.”

Mama alimtazama mzee, akatazama vile vidole virefu vyenye mafundo, akaushusha mwiko. Baba aliyaweka mabomba chini. Alianza kusema, akakwama, akaanza tena. Kile kiwanda kilikuwa kimefunga stoo yao tangu baada ya Krismasi. Waliambiwa asubuhi, saa sita wakawa nje ya geti na kiinua mgongo kidogo, ambacho amekuwa akikileta nyumbani kila mwezi kama mshahara. Alirudi nyumbani siku ile akiwa na nia ya kusema, akamkuta mama akiimba jikoni, akashindwa.

Halafu alieleza lile ambalo hata mama hakulijua vizuri. Ujanani, kabla uwindaji haujapigwa marufuku kwetu, aliwahi kuwabebea bunduki wageni waliokuja kuwinda, chini ya Mzee Mutiso. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, uwindaji ulikuwa bado halali, na kampuni moja huko ilitafuta wabeba bunduki wa msimu. Mtihani ulikuwa Arusha. Naye alikuwa amesahau kila kitu, miaka yote ile ya kuhesabu makatoni.

“Mbeba bunduki hapigi,” mzee alimweleza mama kwa heshima. “Kazi yake ni kuchagua kabla hajaombwa. Yule mwenye kupiga, macho yake yako kwa mnyama. Ananyoosha mkono nyuma tu. Kitakachowekwa hapo ndicho atakachopigia.”

Baba akafungua kiganja, mama akazitazama. Yalikuwa maganda matupu ya risasi za zamani ambazo mzee alizitunza, na kwenye mdomo wa kila ganda alikuwa amechomeka kichwa cha mti alichokichonga kwa kisu. Vingine vilikuwa vya mviringo, vingine vimekatwa ncha.

“Hii yenye ncha iliyokatwa ni ile laini. Inafunguka ndani ya nyama,” baba alisema. “Hii ni ya simba, ya chui, mfuko wa kushoto. Ya mviringo ni ngumu, haifunguki, inavunja mfupa. Ni ya nyati, mfuko wa kulia. Nikikosea nikampa laini nyati akiwa anakuja, nimemuua mtu, si nyati. Ndiyo maana ya ngozi, zisigongane zikalia.”

“Na chai yangu?” mama akauliza.

“Chai gani?”

“Ninayokufungia kila asubuhi. Unainywea wapi?”

Baba akaonyesha lile jiwe. Mama akaenda akakaa juu yake, Mzee Mutiso akiwa amempisha, akaanza kulia kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akilia, mdomo wazi, bila kujifunika leso.

“Mwanamke ningemfukuza, Baba Naliaka,” akasema. “Hii nitaifukuzaje?”

Tulirudi sote kwa miguu, baba amebeba bomba nene na mimi nikakataa kuacha lile jembamba. Mzee Mutiso alitusindikiza hadi mwisho wa Komarock. Njiani baba aliniuliza, “Na wewe ulidhani nini?”

“Nilidhani wewe ni jambazi.”

“Siku zote hizo?”

“Ndiyo.”

“Na ugali wangu ulikuwa unakula?”

“Nilikuwa na njaa.”

Mzee Mutiso alicheka mpaka akashika mti. Baba hakucheka. Alinitazama kwa muda, akahamisha bomba bega la pili, tukaendelea.

Sanduku likarudi juu ya kabati, na mama akawa mtahini mkali kuliko mzee. Alikuwa akikaanga sukuma wiki, hageuki, anapaza sauti tu, “Kiboko!” na baba, aliyekuwa akifunga kamba za viatu, ilimlazimu ajibu bunduki gani na mfuko upi. Akikosea alinyimwa kachumbari. Majirani walisikia kelele zile za wanyama, na Mama Akinyi akaamini kwamba tumerukwa na akili, jambo ambalo kwake lilikuwa afadhali. Nilikuwa na furaha wiki hizo. Ninalisema wazi kwa sababu sikulijua wakati ule: ndizo wiki nilizokaa na baba yangu zaidi ya nyingine zote.

Alikwenda Arusha, akafanya mtihani, akarudi akitabasamu. Amechukuliwa. Msimu mzima, na akifaa, na misimu mingine. Mama alipiga vigelegele, akachinja kuku aliyekuwa akingojea Krismasi. Mimi nilikula shingo na kuuliza msimu ni siku ngapi. Mama akanijazia mchuzi.

Asubuhi ya kuondoka tulimsindikiza hadi kwenye basi la Namanga. Watu walikuwa wakipandisha magunia juu, wengine wakiuza mayai na maji. Baba alivaa suruali ile yenye ngozi mifukoni, iliyofuliwa na kupigwa pasi. Alimuaga mama kwa kumshika mkono, kama walivyoagana watu wazima siku hizo, halafu akainama kwangu.

“Baba,” nikasema.

“Naam, mama.”

“Afadhali ungekuwa jambazi.”

Mwanamume mwenye gunia akageuka kututazama.

“Kwa nini unasema hivyo?”

“Majambazi wa kwetu hulala nyumbani.”

Siku nyingine yoyote mama angenizaba kofi mbele ya umati. Hakuinua mkono. Baba alibaki ameinama vile vile mpaka utingo akapiga ubavu wa basi akimwita apande. Alipanda. Kulikuwa na viti vitupu upande wetu, karibu na dirisha, lakini yeye alikwenda akakaa upande wa pili.